Shamba la Mzee Kasereka

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alipiga hodi nyumbani kwangu hapa Bangwe, Kigoma, na nilipotoka akaniita kwa jina ambalo sijaitwa kwa zaidi ya miaka arobaini. "Mwalimu," alisema, "shikamoo." Sijawahi kuwa mwalimu. Niliishia kidato cha nne, nikafanya kazi za ukarani hapa na pale mpaka nikastaafu, na maishani mwangu ni watu wawili tu waliowahi kuniita hivyo, baba mmoja na binti yake, nao walirudishwa ng'ambo ya ziwa kwa sababu ya mistari mitatu niliyoiandika mimi. Nilimtazama yule mwanamke, mvi zimejaa chini ya kilemba, nikamjua kwa namna alivyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke. Alikuwa Sifa. Alisema amekuja Kibirizi na wenzake kununua dagaa, ameuliza Ujiji, ameelekezwa mpaka huku, na boti yao inaondoka kesho yake asubuhi. Hakuzunguka. Aliniuliza, "Ile jiwe ya baba iko bado?" Nilimpa kiti, nikamwomba mke wangu amletee maji, kisha nikatoka kwenda uani kama mtu anayefuata kitu, nikasimama tu pale nyuma ya jiko nimefura kwa hasira. Sikumkasirikia yeye. Hasira hii ninayo tangu nina miaka ishirini, na sijapata mtu mwingine wa kumtwisha.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Ujiji, katika nyumba ya mjane aliyeitwa Bibi Mwajuma. Kilikuwa chumba cha tatu upande wa kulia, chenye dirisha la mbao lililofungwa kwa msumari uliopindwa, kitanda cha kamba na sanduku la bati nililolifanya meza. Juu ya sanduku nilipanga vitabu vyangu vya shule, na cha jiografia nilikivalisha karatasi ya kaki kwa sababu ndilo somo nililofaulu kuliko yote. Kuta hazikufika kwenye paa, kwa hiyo maneno ya nyumba nzima yalipita juu kwa juu; ulijua nani ana kikohozi, nani kagombana na mkewe, nani anasoma barua kwa sauti ili wengine wajue kwamba kaandikiwa. Mchana Bibi alipika uani ugali wa muhogo na maharage aliyoyaunga kwa mawese mpaka yakawa mekundu, na siku za neema tulipata samaki, migebuka ya kukaanga. Bibi aliniita "msomi wangu," na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananicheka. Kazi yangu ilikuwa ya muda, katika ofisi moja mjini Kigoma iliyoandikisha watu wanaoingia kutoka ng'ambo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi walikuwa wameanza kuja miaka michache nyuma na waliendelea kuja, na mimi kwa kuwa nilijua Kiha, ambacho kinasikilizana na Kirundi, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, niliwekwa kuwasikiliza na kujaza fomu. Nilikaa mezani, mtu mzima wa rika la baba yangu akasimama mbele yangu na kofia mkononi, nikamwuliza maisha yake na kuyapunguza yaenee kwenye mistari.

Mzee Kasereka hakuwa Mrundi. Alitoka Zaire, upande wa Goma, na alifika mwaka ule ule ambao mlima wa kule ulipasuka ubavuni na kumwaga moto kama uji. Marehemu mkewe alikuwa mtoto wa dada yake Bibi Mwajuma, basi alipopoteza kila kitu akamchukua binti yake wa pekee, akapita Bukavu na Uvira, akavuka ziwa kuja kwa mama mkwe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kwa heshima ya ukwe hakula hata siku moja mbele ya Bibi. Sahani yake ilipelekwa nyuma ya jiko, akala akiwa amegeukia ukuta. Mizigo yake ilikuwa gunia moja la nguo na kitu kizito kilichofungwa kwenye khanga. Siku ya pili alikifungua mbele yetu. Lilikuwa jiwe jeusi, kubwa kama mkate, limejaa vitundu kama sifongo. Bibi alilipokea, akaligeuza, akasema hili litamfaa kusugulia visigino, na wote tukacheka, hata Sifa. Mzee Kasereka alisubiri tumalize. Akasema hilo ndilo shamba lake, kalivunja pembeni akalibeba, ili akiulizwa aonyeshe.

Jambo la kwanza alilofanya Ujiji lilikuwa kuchimba. Aliazima jembe, akalima kipande nyuma ya jiko, akapanda maharage, na hapo tungemwelewa. Lakini kisha akaendelea kuchimba. Alichimba shimo karibu na choo, lisilo na kazi, mpaka likamfika kiunoni, akalifukia. Siku iliyofuata akachimba jingine. Bibi, ambaye kwa desturi hakupaswa kumkaripia mkwe, aliongea na ukuta kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watu wanataka kumchimbia kaburi kabla Mungu hajaamua. Mzee Kasereka alitoka shimoni akiona haya. Kwa kile Kiswahili chake cha Kongo, ambamo "ndiyo" kwake ilikuwa "njo" na "tu" ilikuwa "paka," alieleza kwamba kule kwao sasa hawawezi kuchimba. Choo hakichimbiki. Mtu akifa anabebwa mwendo mrefu kutafutiwa mahali penye udongo. Kaburi la mkewe lenyewe liko chini ya jiwe, hajui hata upande lilipo, maana miti aliyoitumia kama alama iliungua ndani kwa ndani, na jiwe lilipopoa lilibakiza matundu ya duara. Ukichungulia ndani unaona nafasi ya mti, mti hayupo. Tangu siku ile Bibi hakusema tena kuhusu mashimo, na nadhani mara moja nilimwona akimsogezea jembe kwa mguu, kama kwa bahati mbaya.

Nililala kitandani jioni nyingi nikisikiliza mazungumzo yao juu ya ukuta, na sasa ninapoyakumbuka nashangaa jinsi nilivyoyasikia yote bila kuyasikiliza. Mzee alisema kwamba hata pale moto usipofika, jivu lilifika. Majani ya maharage yalitoboka kama yamechomwa sindano. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yalikuwa makali, yanauma ulimi, na bati lenyewe likaanza kuliwa. Mbuzi walikula majani yenye vumbi, wakaharisha, wakalala ubavu. Na katika mabonde madogo kulikuwa na kitu walichokiita mazuku, hewa nzito isiyoonekana inayotoka ardhini na kutuama chini kama maji. Mbuzi akishuka kunywa hapandi tena, na ndege anayetua karibu yake naye anabaki hapo hapo. Sifa alikuwa amepoteza rafiki yake namna hiyo, aliyeshuka kutafuta kuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na najua nilichofanya, maana nakumbuka harufu ya ile karatasi ya kaki. Niliwasha kibatari nikafungua kitabu cha jiografia kwenye ukurasa wa volkano. Hakikutaja mazuku. Kilisema kwamba udongo wa volkano una rutuba nyingi, ndiyo maana watu wengi hulima kwenye miteremko ya milima ya namna hiyo. Sentensi hiyo niliijibia kwenye mtihani nikapata alama zote. Kesho yake wakati wa chakula nilimwambia Mzee Kasereka asihuzunike, kwamba kwa kweli Mungu kamtajirisha. Ndipo alipoanza kuniita Mwalimu, na sikujua kwamba hakuwa ananisifu.

Alichokitaka Mzee kilikuwa kidogo. Kulikuwa na kipande cha mteremko huku Bangwe, chenye michikichi michache iliyozeeka, ambacho viongozi wa mtaa walikubali akilime na kujenga kibanda, ila tu ofisi yetu iandike kwamba ni mtu asiye na ardhi ya kurudia. Mkuu wetu wa ofisi, mtu wa Iringa aliyehamishiwa Kigoma na ambaye kila siku alilalamikia joto, hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwamba kwa kawaida mkimbizi ni mtu aliyekimbia watu, na huyu kakimbia mlima, kwa hiyo kila kitu kinategemea maelezo ya ardhi. Nikikamilisha sehemu hiyo vizuri, yeye atatia sahihi. Basi nilimweka Mzee Kasereka mbele ya meza yangu kama wengine. Nilipomwuliza nani aliyemfukuza alijibu mlima, na watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nilipomwuliza hali ya ardhi aliyoiacha, alisema, "Iko paka majiwe, Mwalimu. Andika paka hivyo. Na uandike kaburi ya mama Sifa."

Fomu haikuwa na mstari wa kaburi. Na neno mawe lilinikera. Niliona ni maelezo ya mtu asiyesoma, nikamwambia mbele ya watu kwamba jiwe la volkano huvunjika likawa udongo bora kuliko huu mwekundu anaouchimba kwa Bibi. Hakubishana. Alisema kama ni hivyo, jiwe lijaribiwe. Jioni ile alichukua bakuli la bati la Bibi, akaweka lile jiwe ndani, akamimina maji, na katika vitundu vya juu akapachika maharage matatu. Sifa aliliweka dirishani kwangu, kwenye jua, na kila asubuhi alikuja kuongeza maji, akisimama kwa ule mguu wake mmoja.

Siku ya tano maharage yalikuwa yamechipua. Siku ya saba yalikuwa na majani mawili mawili, ya kijani kibichi, yamesimama juu ya lile jiwe jeusi kama bendera. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi nilipofaulu mtihani. Nilitoka na bakuli mpaka uani, nikamwita Bibi aone, nikawaita wapangaji. Mzee Kasereka alikuwa anachambua dagaa. Aliinua macho, akatazama, akarudi kwenye dagaa zake. "Iko najikula yenyewe," alisema. "Ngoja." Sikumwuliza maana yake. Nilikwenda ofisini kwa miguu, njia nzima kutoka Ujiji mpaka Kigoma, nikikusanya maneno, na nilipofika nikaandika kwenye sehemu ya ardhi mistari ambayo bado naijua kwa moyo: Shamba lake limefunikwa na mawe ya volkano, ambayo kwa kawaida hutoa udongo wenye rutuba nyingi. Jaribio lililofanywa na mwandishi limeonyesha mimea kustawi juu ya jiwe hilo. Inatarajiwa ardhi yake itafaa kwa kilimo. Mkuu aliisoma kwa sauti, akaipenda. Aliwaambia makarani wengine kwamba hivi ndivyo maelezo yanavyotakiwa kuwa, na kwamba atapendekeza jina langu nipewe ajira ya kudumu. Kisha akatia sahihi kwenye nafasi ya chini, ile ya kurudishwa. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Nilifikiri kalamu yake imekosea mahali.

Kila mtoto wa shule nchini amewahi kuotesha haragwe kwenye pamba. Mimi mwenyewe niliotesha, darasa la tatu, ndani ya kopo, na mwalimu wetu akatuonyesha jinsi zile nusu mbili za mbegu zinavyosinyaa kadiri mche unavyokua, kwa sababu mche unakula chakula kilichomo ndani yake. Tuliambiwa tuhesabu siku mpaka mche ufe. Nililijua hilo kabla sijajua jiografia yoyote. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikudanganywa na mtu na wala sikukosa elimu. Nilikuwa na vitu vyote viwili kichwani, pamba na volkano, na nilichagua kile kilichonifanya nionekane msomi.

Siku tisa zilipita kati ya sahihi ile na boti. Siku ya tatu majani yalianza kuwa manjano pembeni. Siku ya tano yalikunjamana. Sifa aliendelea kuyamwagilia, na mimi nilikuwa naamka na kuyaona dirishani kabla sijaona kitu kingine. Bibi Mwajuma, ambaye sasa alikuwa amepewa habari, aliacha kuniita msomi wake. Aliniwekea sahani mkekani na kuondoka. Siku moja aliniuliza tu, akiwa ameinamia moto, kama fomu ikishaandikwa haiwezi kuandikwa tena. Nilimjibu kwamba utaratibu ni mgumu. Si kweli. Ofisi ilikuwa na rundo la fomu tupu kwenye kabati nililolifungua mwenyewe kila asubuhi, na mkuu angenisikiliza, angecheka kidogo, pengine angenitania mwezi mzima mbele ya makarani kuhusu mkulima wa mawe, na kisha angetia sahihi mahali pengine. Kutaniwa ndiko nilikokuogopa. Na ile ajira ya kudumu. Mara mbili nilisimama mlangoni kwake, mara ya pili nikiwa na lile bakuli mkononi limefunikwa kwa gazeti, na mara zote mbili nilipoambiwa niingie niliuliza jambo lingine. Ajira yenyewe sikuipata. Miezi michache baadaye nafasi yangu ilifutwa.

Waliondokea Kibirizi, asubuhi, wakati wanawake wanamwaga dagaa juu ya mchanga na huwezi kupita bila kuangaliwa unakanyaga wapi. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri. Bibi alikuwa amemfungia Sifa vitumbua, na kwa Mzee Kasereka alikuwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe; nilidhani ni unga. Ulikuwa udongo, ule wa nyuma ya jiko. Alimpa mkwewe mkononi, na wote wawili wakatazama ziwa. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu mvua na muda na mawe kuvunjika, na nilianza kuyasema. Mzee aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akafungua khanga, akanikabidhi lile jiwe, na vile vitoto vitatu vikavu vya maharage vikiwa bado vimekwama kwenye vitundu. "Mwalimu," alisema, bila kejeli wala hasira, kama mtu anayemwachia jirani funguo, "unichungie shamba yangu." Akaingia kwenye maji mpaka magotini, akapanda.

Nimelichunga. Nilipohama Ujiji nililibeba, nilipooa nililibeba, na nilipopata kiwanja changu nilikipata huku Bangwe, mita chache tu kutoka kile kipande cha michikichi ambacho alipaswa kupewa, na ambacho baadaye alipewa mtu mwingine akakitelekeza. Mke wangu amewahi kunisihi nilitupe. Liko nyuma ya jiko, upande unaopata mvua, juu ya matofali mawili.

Pale ndipo niliposimama siku aliyokuja Sifa, mpaka akanifuata mwenyewe. Nilimwuliza nilichokuwa sijathubutu kumwuliza mtu yeyote, wakafanya nini walipofika. Alisema baba yake alipata nyundo. Alivunja mawe na kuyauzia wajenzi wa mjini, kila siku, vumbi likamwingia kifuani. Ule udongo wa Bibi aliutia kwenye ufa mmoja, akaenda kubeba mwingine kwa kikapu kutoka mbali, akajaza ufa wa pili, akapanda viazi vitamu. Alivuna mara mbili kabla ya kufa. Walimzika mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani, mahali penye udongo. Miaka mingi baadaye, mahali pa shamba palikuwa pameshika ukoga wa kijivu, kisha pameanza kuota majani membamba na migomba ya watu wenye subira, ndipo mlima ukamwaga tena, na jiwe jipya likalala juu ya jiwe la zamani. Alisema haya kama mtu anayesoma orodha. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba nilijua nimekosea kabla hawajapanda boti, na kwamba nilikuwa na siku tisa. Nilitaka anitukane. Alisema, "Kitabu yako haikudanganya. Haikusema tu ni lini." Nikamwambia kwamba kitabu hakikujaza ile fomu, niliijaza mimi, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, akaitikia kwa kichwa, akaliacha hapo. Sikusamehewa, na sikuomba.

Kisha alichuchumaa mbele ya jiwe. Nilidhani atalichukua, nilikuwa hata nimetafuta mfuko. Alilizungusha polepole juu ya matofali mpaka upande wa nyuma, ule ambao mimi siutazami kwa kuwa umegeukia ukuta, akapitisha kidole. Kulikuwa na kitu pale, doa la kijivu lisilozidi ukucha, limekauka na kushikamana na jiwe kama kigaga cha kidonda. Nilisema ni uchafu, nikaanza kutafuta kitambaa nikalifute. Alinishika mkono.

"Acha," alisema. "Njo vile inaanzaka."

Akalirudisha kama lilivyokuwa, uso wa jiwe kwenye mvua, na akaniachia nilichunge.